Wageni Wanakuja. Choo Je?



Sikukuu ikikaribia, kila mtu huanza kuhesabu. Baba huhesabu kilo za mchele. Mama huhesabu sahani na vikombe, kisha humtuma mtoto kwa jirani kuazima sufuria kubwa. Vijana walioko Dar es Salaam huhesabu nauli mpaka Mombo, na kutoka Mombo kupanda mlima mpaka Soni na Lushoto. Mbuzi anahesabiwa. Kuni zinahesabiwa. Hata magodoro yanahesabiwa: nani atalala wapi, na nani atalala na nani.

Mimi nakuuliza swali moja. Je, choo umekihesabu?

Usicheke. Najua kwamba choo si jambo la kuzungumzwa mbele ya chakula. Lakini chakula hicho, baada ya kuliwa, kinakwenda wapi? Ukipika wali wa watu 30, umetengeneza pia kazi ya choo ya watu 30. Hakuna njia nyingine.

Mimi si daktari wala si fundi. Ni afisa elimu ya watu wazima. Nina cheti, na kazi yangu ni kuzunguka katika madarasa ya kisomo huku milimani Usambara. Lakini jambo hili nalijua vizuri, kwa sababu lilinipata nyumbani kwangu, mbele ya watu.

Mwishoni mwa Desemba 2019 mdogo wangu alioa. Tulichagua siku hizo kwa sababu shule zimefungwa na watu wa mjini wana likizo. Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa kubwa sana, na si kwetu tu, bali Afrika ya Mashariki yote. Udongo ulikuwa umelowa mpaka chini. Ukipiga jembe, udongo unanata.

Nyumbani kwetu tunaishi watu 6. Tuna choo cha kumwagia maji. Nje tuna karo la matofali lenye mfuniko wa zege, na baada ya karo kuna shimo la pili la kunywea maji. Nilikuwa najivunia karo lile. Nilipokuwa nikifundisha habari za afya, nilikuwa napenda kulitaja. Wageni waliokuja kulala walikuwa 25, na walikaa siku 5.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili maji ya chooni yalianza kushuka polepole, lakini nani ana nafasi ya kuangalia choo siku ya harusi? Siku ya tatu asubuhi yaligoma kabisa. Nikachukua fimbo nikachokoa. Nilipokuwa bado nachokoa, mke wangu akaniita kutoka bondeni. Nikashuka. Katikati ya mahindi yetu maji meusi yalikuwa yanatoka ardhini, kama chemchemi mpya.

Wewe mwenzangu wa milimani unajua nyumba zetu zilivyo. Nyumba iko juu. Chini ya nyumba kuna shamba. Chini ya shamba kuna njia, na chini ya njia kuna chemchemi ambayo nyumba nyingi huchota maji. Yale maji meusi hayakuhitaji kuonyeshwa njia. Yalifuata mfereji wa mvua mpaka yakafika.

Alasiri, muziki ukiwa unapigwa, bibi mmoja jirani yetu alikuja. Ni mzee, na watu wote wa kitongoji tunamwita bibi. Alikuwa na ndoo tupu. Hakumsalimu mtu. Aliiweka ndoo ile mbele ya mlango wangu, akageuka, akarudi kwake.

Sijawahi kutukanwa vile maishani mwangu.

Kwa wiki mbili akina mama wa upande ule walichota maji kwenye chemchemi nyingine, ng'ambo ya mlima. Bibi harusi wetu aliijua njia ile kabla hajalijua jiko la mume wake. Watoto wawili wa nyumba za chini waliharisha. Siwezi kuapa kwamba ni kwa maji yetu. Wala siwezi kuapa kwamba si kwa maji yetu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa bwana afya. Kisha nilikwenda kwa fundi mmoja mzee aliyejenga makaro mengi. Niliwauliza kama mwanafunzi. Haya ninayokuandikia ni yale waliyonieleza, pamoja na yale niliyojifunza mwenyewe kwa aibu.

Kwanza, karo linafanya kazi gani? Wengi tunafikiri ni pipa tu la kuhifadhia uchafu. Sivyo. Karo ni mahali pa maji kupumzika. Uchafu unapoingia, kilicho kizito hushuka chini na kuwa tope. Kilicho chepesi, kama mafuta na mapovu ya sabuni, huelea juu na kuwa ukoko. Katikati hubaki maji. Ndani yake wamo vijidudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, nao wanaula ule uchafu na kuupunguza. Maji ya katikati hutoka kwa bomba na kwenda kwenye shimo la pili. Shimo hilo halikupigwa plasta, nalo lina mawe, ili maji yazame ardhini kidogo kidogo.

Ili kazi hiyo ifanyike, maji yanataka kutulia kwa muda wa siku moja hivi. Ukiyamwaga mengi kwa haraka hayatulii. Yanapita mbio, na yakipita mbio yanabeba tope. Tope linafika kwenye shimo la pili na kuziba vijitundu vya udongo. Udongo ukiziba, hata wageni wakiondoka, shimo halinywi tena kama zamani. Hapo utajenga upya. Kwa hiyo siku 5 za furaha zinaweza kuua karo la miaka 15.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme kila mtu anakwenda chooni mara 4 kwa siku, na kila mara anamwaga lita 3 za maji. Hizo ni lita 12. Tuseme pia anaoga nusu ndoo, yaani lita 10, na maji ya kuoga yanaingia kwenye karo hilo hilo. Jumla ni lita 22 kwa mtu mmoja. Sisi watu 6 tulikuwa tunaingiza lita 132 kwa siku, yaani karibu ndoo 7. Wageni 25 walipoongezeka tukawa 31. Mara 22, ni lita 682. Hizo ni ndoo 34 kila siku! Karo lililozoea ndoo 7 nimelipa ndoo 34, kwa siku 5, wakati udongo wenyewe umeshiba mvua. Lingefanyaje?

Na angalia jambo hili katika hesabu hiyo. Maji ya kuoga peke yake ni lita 310, karibu nusu ya maji yote. Maji hayo hayana haja ya kwenda karoni. Migomba inayapenda. Ungewaogesha wageni wako kwenye bafu la turubai kando ya migomba, mbali na chemchemi, ungeliondolea karo lako karibu nusu ya mzigo bila kutumia shilingi nyingi. Maji ya kuoshea sufuria ni hivyo hivyo, na pengine ni mabaya zaidi, kwa sababu yana mafuta ya pilau. Mafuta yakipoa huganda. Kwetu kuna baridi, nayo huganda upesi. Futa sufuria kwa majani au karatasi kwanza, choma hizo taka, ndipo uoshe, na maji yake uyamwage kwenye shimo dogo la mawe bustanini.

Baridi yetu ina jambo lingine pia. Wale vijidudu wa karoni hufanya kazi upesi penye joto. Mtu wa Tanga mjini akikuambia karo lake halijajaa kwa miaka mingi, usijilinganishe naye. Yeye yuko pwani. Sisi wa Lushoto tuko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Magamba na Shume wako juu zaidi. Huku uozo huenda polepole. Tope linajaa mapema.

Sasa nataka kusema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Katika vijiji vyetu wako watu wanaojisifu kwamba wana choo kisichojaa. Utamsikia mtu akisema, "Choo changu nimekichimba mwaka ule na ule, mpaka leo hakijajaa." Watu wanamsifu fundi wake. Mimi nasema usimsifu kwanza. Muulize: uchafu unakwenda wapi? Kama ni kwamba watu ni wachache na shimo ni kubwa, sawa. Lakini mara nyingine shimo lilichimbwa mpaka likakuta maji, na mchimbaji akafurahi. Shimo hilo haliwezi kujaa kwa sababu linamwaga chini kwa chini. Huku milimani maji ya chini ya ardhi hayakai mahali pamoja. Yanateremka, na yanatokea bondeni, mahali ambapo mtoto wa mwenzako amepiga magoti na kata ya maji mkononi. Choo kisichojaa kinajaza tumbo la jirani.

Ndiyo maana huambiwa choo kiwe mbali na maji, walau mita 30, na chini ya shimo pabaki udongo mkavu wa kutosha. Kwa nchi tambarare hiyo mita 30 inasaidia sana. Kwa mteremko kama wetu, mimi naona isikupe usingizi. Simama chooni kwako ujiulize: nikimwaga maji hapa, yatashuka kwa nani? Jibu hilo ndilo kipimo chako.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, na mtu alikwenda migombani na jembe lake. Leo Usambara ina watu wengi sana. Paa la huyu linatazama mlango wa yule. Ya zamani hayatoshi tena.

Wengi wenu mmesikia habari za mwaka 1973. Mwaka huo nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Hii ndiyo kazi ya elimu ya watu wazima ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, nayo ikaamsha watu tena. Lakini kampeni zote hizo zilitufundisha choo cha kaya: baba, mama na watoto wao. Hakuna aliyetuhesabia wageni. Hilo ametuachia sisi wenyewe, na ndipo tunapoanguka. Kipindupindu hakiangalii kwamba siku 360 za mwaka choo chako kilikuwa safi. Kilipoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kilisambaa katika mikoa mingi ya nchi, na kilisafiri ndani ya watu wanaopanda basi kama wewe na mimi. Siku ya sikukuu watu wa mikoa mitano wanakutana kwenye tundu moja la choo. Fikiri hilo.

Basi tufanye nini? Maoni yangu ni haya.

Kamati ya harusi ikikaa, huandika orodha: mapambo, muziki, keki, usafiri wa bibi harusi, turubai, viti, soda. Nimeshaona orodha nyingi. Nyingine zina kurasa tatu. Sijaona hata moja iliyoandikwa neno "choo." Mwandishi wa kamati anaona haya kuliandika. Mimi nataka liandikwe, tena juu ya keki. Asiyekula keki hatadhurika.

Na fedha zake si nyingi. Katika kambi za wakimbizi, wataalamu hutumia kipimo cha tundu moja la choo kwa watu 20. Kama mtakuwa 31, mnahitaji matundu mawili. Moja mnalo. La pili ni choo cha muda, na choo cha muda ni kazi ya vijana wanne kwa siku moja. Wachimbe shimo la mita 2 kwenda chini. Wakikuta unyevunyevu kabla ya hapo, wasiendelee. Wahamie mahali pengine. Wasichimbe ukingoni mwa tuta la shamba, maana mvua ikija ukingo utabomoka. Wasichimbe juu ya chemchemi wala juu ya nyumba ya mtu. Juu wafunike kwa bamba la zege au mbao imara zilizopangwa vizuri, wazungushe majani ya migomba au turubai, na waweke debe la majivu ndani. Kila mtu akimaliza amwage majivu kidogo, na tundu lifunikwe ili nzi wasitoke humo kwenda kwenye pilau. Choo hiki hakitumii maji mengi, kwa hiyo hakipeleki kitu bondeni kwa haraka. Wageni wakiondoka, shimo lijazwe udongo, lishindiliwe, na juu yake mpande mti.

Wale wenye makaro kama langu, fungua mfuniko mwezi mzima kabla ya sikukuu, si siku mbili kabla. Ukiufungua, simama mbali kidogo kwanza, hewa mbaya itoke. Usiwe na sigara wala kibatari, maana hewa ile huwaka. Chukua fimbo ndefu, ifunge kitambaa cheupe, izamishe taratibu mpaka chini, halafu itoe. Kitambaa kitakuonyesha tope limefika wapi. Kama tope na ukoko vimechukua theluthi moja ya karo, ni wakati wa kuondoa. Gari la kunyonya maji machafu huenda lisifike kijijini kwako, kwa sababu ya njia zetu. Huo mwezi mmoja ndio muda wa kupata fundi mwenye vifaa na kupanga mahali salama pa kuufukia uchafu. Ukingoja wiki ya sikukuu utaambiwa fundi naye amekwenda kwao.

Na sasa nasema kwa sauti kubwa. MTU ASIINGIE KARONI. Asiingie hata kama simu ya mgeni imeanguka humo. Asiingie hata kama kamba imefungwa kiunoni. Hewa ya mle ndani humwangusha mtu katika pumzi chache, na ndugu yake akiruka kumwokoa, anaanguka naye. Simu inanunuliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia mfuniko wako. Wageni wa siku hizi wanakuja na magari. Mwenye gari akiona mahali tambarare uani anaegesha, naye hajui kwamba tambarare ile ni karo. Weka mawe makubwa kuzunguka. Watoto nao ni wengi siku hizo, wanakimbia kila mahali, na mfuniko uliopasuka ni mtego.

Sasa habari ya mgeni mwenyewe. Sisi tunasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza: siku ya kwanza mwonyeshe choo. Usiishie kumwelekeza kwa kidole. Mpeleke. Mwambie maji yako hapa, sabuni iko hapa, kibuyu chirizi cha kunawia ni hiki, na taka yoyote inaingia kwenye ndoo hii yenye mfuniko, si kwenye tundu. Kazi hii tunaikwepa kwa sababu ya haya, hasa kwa wageni wa mjini na kwa wakwe. Matokeo yake nimeyaona. Fundi alipofungua karo langu alitoa nepi za watoto zaidi ya kumi, vitambaa, pedi za akina mama, na kijiko. Kijiko mpaka leo sijaelewa. Lakini yule mama mwenye mtoto mchanga nilimwelewa. Alikuwa ugenini, hakuna aliyemwambia nepi atupe wapi, na aliona haya kuuliza. Kosa halikuwa lake. Mama mwenye nyumba au binti mkubwa akizungumza na wageni wanawake, na baba akizungumza na wanaume, hakuna atakayeaibika. Wageni watashukuru.

Usiku pia ufikirie. Mgeni hajui njia ya chooni. Kukiwa na giza, utelezi na mbwa, ataishia migombani, na wewe kesho utamlaumu bure. Weka taa. Mwaga mchanga au kokoto njiani.

Wako watu watakaokuuzia unga wa kutia chooni ili tope liishe. Wengine watakuambia utie hamira, au sukari. Mimi nakushauri fedha hizo ununulie mfuko wa saruji. Vijidudu wanaohitajika wanaingia wenyewe kila mtu anapokwenda chooni, na unga hautoi nafasi ya ndoo 34. Kinachowaua vijidudu hao ni dawa kali za kusafishia zikimwagwa kwa wingi. Kwa hiyo siku ya sikukuu safisha choo kwa maji, brashi na sabuni kidogo.

Mpaka hapa nimesema habari za harusi na sikukuu, mambo yenye tarehe. Lakini msiba hauna tarehe. Msiba ukitokea, watu mia wanaweza kufika kabla ya jua kuzama, na wengine watalala siku tatu. Nani atachimba shimo siku hiyo, wakati vijana wanachimba kaburi?

Hapa ndipo nina wazo ambalo nawaombeni mlijadili darasani kwenu. Karibu kila kitongoji kina sufuria kubwa za misiba. Kina turubai. Kina viti. Tulichanga, tukanunua, vinatunzwa nyumbani kwa mtu mmoja, na anayevihitaji anaazima. Je, kwa nini tusiwe na mabamba mawili ya choo ya zege, pamoja na vipande vya turubai vya kuzungushia? Saruji kidogo, nondo nyembamba, mchanga na fundi mmoja. Bamba likikauka vizuri linatumika miaka mingi. Na mahali pa kuchimba pachaguliwe mapema na bwana afya pamoja na wazee, mahali ambapo hakuna chemchemi chini yake, ili siku ya msiba watu wasibishane.

Kitongojini kwetu tulifanya hivyo mwaka 2021. Si wote waliokubali. Mzee mmoja alisema ni uchuro kuandaa choo cha msiba kabla ya msiba. Nikamkumbusha kwamba sanda nayo watu huiweka sandukuni mapema. Alifikiri kidogo, kisha akatoa mchango wake.

Mabamba hayo yako nyuma ya nyumba yangu, yameegemezwa ukutani. Mtu wa kwanza kuyaazima alikuwa yule bibi wa ndoo, alipokuwa anamwoza mjukuu wake. Alituma vijana wanne, kwa sababu ni mazito. Baada ya harusi aliyarudisha, naye mwenyewe alikuja nyuma ya wale vijana kuhakikisha kwamba yameoshwa.